Skripti za Kiyidishi zisiachwe zioze

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Tamthilia za kulipia kiingilio za Kiyidishi, ile lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, zinahesabiwa zilianza 1876 huko Iași, Romania, na kikundi cha Abraham Goldfaden, baadae zikavuka bahari zikajaza kumbi za New York. Leo kilichobaki kwa sehemu kubwa ni makaratasi. Skripti nyingi hazikuwahi kuchapwa, zimeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiebrania, pembeni mtu kaandika hapa kata, hapa muziki uingie, na hayo ya pembeni ndo mi naona yana thamani kubwa maana yanakuonyesha jukwaa lenyewe lilivyokuwa. Kule Vilna (leo Vilnius, Lithuania) wakati wa Wanazi kuna Wayahudi walilazimishwa kuchambua vitabu na nyaraka za YIVO, taasisi ya utafiti wa lugha na utamaduni wa Kiyidishi, wakawa wanaficha miswada ndani ya nguo wanaipitisha getini, wakijua kabisa wakishikwa wanaweza kuuawa. Watu walihatarisha roho kwa ajili ya karatasi! Sasa sisi tunashindwaje kuziskani? Karatasi ya bei rahisi inageuka njano, ukiikunja inavunjika, basi naomba wenye hifadhi waziskani sasa hivi na wawalipe vizuri wanaoweza kusoma ule mwandiko, kabla hawajaisha.