Kilo Zilizorudi: Barua kwa Mwanangu

Mikindani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Kifua cha baba yako kimetulia, na mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa maua.

Simu yako ya juzi imeninyima usingizi. Ulilia, mama. Ulisema kilo 11 ulizopunguza kabla ya harusi zimerudi zote na mbili juu yake, ukajiita mzembe. Neno hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu, maana si kweli.

Kwa wiki sita asubuhi yako ilikuwa maji ya ndimu, mchana mayai mawili, usiku unalala na njaa. Mwili haujui habari za gauni la harusi. Ukinyimwa hivyo, unaona ni njaa imeingia nchini, unaanza kujihami. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya watu 50 waliowekwa kwenye chakula kidogo mno kwa wiki 10. Mwaka mzima baadaye, homoni zinazoamsha njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa. Mwaka mzima! Basi ile hamu ya wali iliyokushika baada ya fungate lilikuwa deni, na mwili ulikuja kulidai.

Ile chai ya kupunguza unene uliyouziwa, tafadhali itupe. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nawajua waliokuja wamelegea kwa kuharisha. Inatoa maji, mafuta yanabaki palepale.

Namfikiria sana bibi yako. Alizaliwa hukohuko Newala unakoishi, enzi ambazo maji yalifuatwa bondeni. Wanawake walishuka mteremko alfajiri, wakaupanda tena na mtungi kichwani. Hakupata kusikia neno dayati, na ugali wa muhogo alikula akashiba. Wewe maji yako bombani, kazini unakwenda na bodaboda, unakaa kitini mpaka saa kumi. Sikulaumu, dunia ndiyo ilivyo sasa. Lakini ule mwendo wa bibi yako inabidi uupatie nafasi yake katika siku yako.

Nilipoambiwa presha iko juu, nami nilitaka kubadili kila kitu Jumatatu moja: chumvi, sukari, mazoezi, chakula cha usiku. Alhamisi nilikuwa nimeacha vyote. Kilichokuja kunisaidia ni kitu kimoja nilichokifunga kwenye jambo ambalo tayari nalifanya. Nikimaliza swala ya alfajiri, kabla ya kuinjika chai, natembea hadi Boma na kurudi. Sijiulizi kama leo nina hamu. Swala imekwisha, miguu inatoka. Masika mvua ilinizuia siku kadhaa, ilipokatika nikaendelea kama kawaida.

Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 wakijijengea zoea moja moja hivyo. Matokeo yalichapishwa 2010. Muda wa kati hadi jambo lijiendeshe lenyewe ulikuwa siku 66. Wapo waliohitaji 18, na aliyechelewa kuliko wote alikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hili lisome tena, mama, kwa kuwa wewe ukila andazi moja asubuhi unaona siku yote imekwenda na maji.

Anza na sukari ya chai. Unatia vijiko vitatu, unakunywa vikombe vitatu, hivyo ni tisa kabla hujagusa soda. Shirika la Afya Duniani linashauri visizidi sita hivi kwa siku nzima ili mtu afaidike zaidi. Punguza nusu kijiko, ulimi ukizoea punguza tena. Chai ya tangawizi na mchaichai haihitaji sukari nyingi. Mafuta usiyamimine kutoka kwenye chupa, pima kwa kijiko. Kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Na msimu wa korosho ukifika, usile huku unabangua! Weka kiganja kimoja kwenye kibakuli, funga kopo. Ugali, mbaazi, kisamvu, dagaa, vyote kula, ila mboga zichukue nusu ya sahani.

Mizani panda mara moja kwa wiki, siku ileile. Ikishuka nusu kilo, alhamdulillah. Isiposhuka, usinipigie ukilia, nipigie uniambie umetembea siku ngapi.

Mumeo mwambie asikununulie chipsi akidhani ndiyo mapenzi. Akuchukue jioni mtembee wote.

Ukija mwisho wa mwezi nitakuwa nimekuwekea samaki changu wa kuchoma. Leta raba zako. Alfajiri nitakugongea mlango, twende Boma pamoja.

Ni mimi mama yako.