Kwa Zuhura, kuhusu riwaya yako

Kilwa Masoko,
14 Mei 2024

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, watoto wazima, paa lipo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua nimekuweka roho juu. Kimbunga kilipopiga umeme ulikatika, simu ikazima, na ujumbe wako wote nimekuja kuusoma siku nne baadaye kwa Mama Rukia mwenye sola. Naandika kwa mkono maana kijana wa Mzee Bakari anakwenda Dar kesho, barabara ikimruhusu. Pale Somanga maji yaliikata, magari yakalala siku kadhaa.

Nina jambo la kukuomba radhi, nalo linahusu riwaya yako.

Kimbunga hakikutukuta usingizini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na Ijumaa tarehe 3 wavuvi walishavuta madau juu. Shemeji yako alipanda kufunga mabati kwa kamba na kuyapangia mawe. Bi Mkubwa yeye alikasirishwa na jina: “Nani kauita upepo Hidaya? Zawadi gani hii?” Usiku ulipoingia akaacha kulalamika. Kusi unaijua, Zuhura, umekulia huku. Hii haikuwa kusi. Mnazi wa uani ulikuwa unalala, unainuka, unalala tena, na mvua inaingia kwa ubavuni.

Bi Mkubwa akaanza kusimulia kimbunga cha Lindi cha 1952, kama alivyosimuliwa na mama yake. Watoto wakalia. Redio inakoroma. Jirani anabisha mlango kusema bahari imepanda, mwingine anasema hapana. Ndipo Salma akachomoa kitabu chako chini ya godoro, ile riwaya ya upelelezi uliyoisahau kwetu Idi.

Nilidhani nitasoma kurasa mbili walale. Mpelelezi alipoingia kwa yule mjane akakuta chai mezani bado inatoa moshi, hata Bi Mkubwa alinyamaza. Bati la jikoni likaanza kupigapiga. Salma akasema, “Soma, mama.” Upepo ukizidi, nami napaza sauti. Shemeji yako, ambaye sijamwona na kitabu tangu anioe, akauliza, “Vikombe vilikuwa viwili au kimoja?” Tukabishana juu ya vikombe, kandili inayumba, mpaka karibu na alfajiri.

Nimefikiri sana kwa nini. Habari za redio zilikuwa za kweli, na ya Lindi ilikuwa ya kweli, na zote zilitutetemesha. Nadhani hofu ya kitabuni ina nahodha. Nilikuwa naziona kwa vidole kurasa zilizobaki, nikajua kuna mtu alishafika mwisho wake akaweka nukta. Kule nje hatukujua zimebaki ngapi.

Unakumbuka kwenye basi la Mtwara nilivyokuambia unaumiza macho kwa uongo uliopigwa chapa? Ulifunga kitabu ukatazama dirishani. Mama yako alikuwa hajamaliza miezi miwili tangu afariki. Sikujua ulikuwa umeshika nini mkononi. Nisamehe, Zuhura. Nimekaa na neno lile wiki nzima hii.

Na bado kuna linalonisumbua. Asubuhi tulikuta nyumba ya Mzee Saidi, ya makuti, iko chini. Walikuwa wamejibana msikitini, wamelowa, saa zilezile sisi tunabishana vikombe. Nilikuwa na furaha usiku ule. Sijui kama ilikuwa haki yangu. Jumamosi wajukuu zake walilala kwetu, nikaanza tena ukurasa wa kwanza kwa ajili yao. Yule mdogo, ambaye hakufungua kinywa kutwa, tulipofika kwenye chai akasema, “Mtu kajificha chumbani.” Ndilo neno lake la kwanza siku ile.

Kitabu chenyewe kimevimba kama andazi. Nilizianika kurasa kwenye kamba ya nguo, lakini tangu 141 mpaka 156 zimegandana, nikizivuta zinachanika. Watoto hawakukubali niruke. Nikatunga. Nimemtorosha kaka wa mjane kwa jahazi la mkaa, na sasa mambo ya mbele hayakubaliani na jahazi langu, Salma ananidai maelezo kila jioni.

Kwa hiyo niambie: alitorokaje hasa? Barua iliyochomwa ilikuwa na nini ndani? Usiniambie muuaji, hatujafika. Unaweza kunitumia kingine kwa mkono wa kijana huyu akirudi, hata kilichochakaa? Wajukuu wa Mzee Saidi bado wako hapa. Na wewe, siku zile za msiba, ulikuwa unasoma nini? Kilikushika hivi hivi? Mbona hukuniambia? Au uliniambia, mimi ndiye sikusikia?

Wasalaam,
Shoga yako, Mama Salma