Barua ya wazi kwa Afisa Ardhi wa Wilaya: jina la mama halimo kwenye fomu ya hati ya shamba

Ndugu Afisa Ardhi, shikamoo kama umenizidi umri, kama tunalingana basi pole na kazi. Nakuandikia huku hadharani maana ofisini nikija naambiwa uko fildi, na wala sikulaumu, vijiji ni vingi.

Kwetu ni kijijini huku Iringa. Ukiuliza mama yangu anafanya kazi gani utajibiwa haraka haraka, ah yule ni mama wa nyumbani. Sasa huyo mama wa nyumbani nyumbani kwenyewe umkute saa ngapi? Alfajiri yuko kisimani, kukipambazuka yuko na jembe, mvua zikianza Novemba au Desemba huko ni mahindi na maharage ya mlimani mpaka mgongo unagoma, alafu kiangazi wenzie wanapopumzika ye anashuka bondeni kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni ya kiangazi. Kinyungu chetu mifereji yote kachimba yeye, tukiwa wadogo tunamshikia ndoo. Ada, sare, madaftari, vimetoka kwenye yale mahindi mabichi na mboga anazobeba kichwani kupeleka barabarani magari yanaposimama. Baba naye analima sikatai, ila hela ya baba ina safari zake nyingi, wanawake wa kwetu wakisoma hapa wanajua naongea nini.

Basi vijana wako wakaja na vile vimashine vyao vya kupimia mashamba kwa ajili ya hati za kimila, zile za kumiliki ardhi ya kijiji. Wakamwita mwenye shamba, akatoka baba. Wakaanza kuzunguka, kona ya kwanza sawa, ya pili sawa, kufika huku chini kwenye mikonge ya mpakani baba akasimama, hajui mpaka unapita juu ya ule mfereji au chini yake. Jirani naye anadai ni juu. Ikabidi mtoto atumwe mbio akamwite mama huko bondeni, akaja na matope mpaka magotini, akawaonyesha mkonge mmoja mmoja, huu niliupanda mimi, huu uliungua ule mwaka wa moto, huu hapa ndo wa jirani. Jirani mwenyewe akanyamaza. Kijana akabonyeza mashine yake, akasema asante mama, akarudi kwa baba akamuuliza jina kamili na akamwekesha dole gumba. Mama akarudi bondeni. Hakuna aliyemuuliza hata anaitwa nani.

Nilivyosikia nikampigia baba simu nikamuuliza mbona mama hayumo, akasema mbona hawakuuliza, ye alijua ni mtu mmoja tu anayeandikwa. Na mi namwamini. Ndo maana barua hii inakuja kwako na sio kwa baba yangu.

Maana sheria we unaijua kuliko mimi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imesema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume, ipo pale mwanzoni kabisa. Na mwenzie, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo, kifungu cha 161, kinasema ardhi ikiwa kwa jina la mwenza mmoja lakini mwingine ameitunza na kuiendeleza kwa jasho lake, basi huyo naye anahesabika ana haki yake humo. Hata kazi za ndani tu za kupika na kulea, Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed kwamba ni mchango kwenye mali ya familia (bi mwenyewe hakuambulia kitu mwishoni, ila msimamo ulibaki). Sasa mtu akisema ah, haki si ipo tu hata asipoandikwa, mi namuuliza hivi mama yangu wa darasa la saba aanze kutafuta wakili mjini na nauli ya nani, wakati dole gumba lake lingechukua dakika moja pale pale shambani?

Na tunachoogopa tumekiona. Jirani yetu mmoja alifiwa na mume, matanga hayajaisha vizuri shemeji zake wameshaanza kugawana shamba, yeye anaambiwa atatunzwa na wanae. Na hao shemeji wana pa kushikia, ule waraka wa sheria za mila wa 1963 unasema hivyo hivyo, mjane hana fungu atunzwe na watoto. Watoto wenyewe wako darasa la pili na la nne! Hati yenye majina mawili ingewanyamazisha wale shemeji siku ile ile.

Ninachoomba ni hiki. Hizo hati bado hazijatoka na haziwezi kutoka bila wewe kusaini na kugonga muhuri, kwahiyo kabla hujasaini naomba fomu zirudi kijijini, kila palipoandikwa mume peke yake aulizwe mke yuko wapi. Sehemu ya wamiliki wa pamoja ipo. Mwenye wake wawili aandikwe nao wote, tusijifanye hatuwajui. Na tafadhali ule mkutano wa kijiji wa kusoma majina ya wenye mashamba usiwekwe tena saa nne asubuhi msimu wa palizi alafu mkashangaa wamejaa wanaume. Wekeni jioni au Jumapili watu wakitoka kanisani, mtendaji apite na kipaza sauti aseme wazi kabisa na wake za watu waje.

Baba nimeshaongea nae, amesema yuko tayari hata kesho. Mama mkimhitaji msimtafute nyumbani, mahindi ya vinyungu yameanza kubeba, mtamkuta bondeni.

Ni mimi binti yao wa pili.