Baba anauza kiwanja amsomeshe udaktari nje, binti ameniambia lake: niseme hadi wapi?

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Temeke. Nafundisha Kemia katika shule ya serikali yenye kidato cha tano na cha sita, na tangu mwenzetu mmoja alipostaafu nimekabidhiwa pia ushauri nasaha. Ikifika katikati ya mwaka kazi hiyo huwa ni vyuo tu. Wahitimu wangu wengi wako Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA) yanasubiriwa, na wazazi wanakuja shuleni na bahasha za vyeti kuuliza mtoto aombe wapi. Naipenda kazi hii kuliko hata kufundisha. Ndiyo maana jambo lililonifikia safari hii limenikosesha usingizi, na nakuandikia kwa haraka kwa sababu kuna pesa ya watu iko njiani kutoka.

Kuna binti nitamwita Rehema, si jina lake. Amesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Baba yake ni mchuuzi wa samaki pale Feri, mtu wa kuamka saa tisa usiku awahi mnada, na Rehema ndiye wa kwanza katika ukoo wao kufika kidato cha sita. Mtaani kwao wanamwita "dokta" tangu akiwa mdogo. Mtihani wa utamilifu, yaani mock, alipata C ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Mimi nayaita matokeo mazuri, maana najua darasa lilivyojaa na najua tulivyohangaika kupata mwalimu wa Fizikia. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, Rehema ana pointi 8. Sifa ya jumla ya kuingia shahada ya kwanza ni pointi 4 katika masomo mawili ya kozi husika, kwa hiyo akirudia alama hizo chuo kikuu ataingia. Lakini kuwa na sifa si kupata nafasi. Udaktari wa Muhimbili unagombewa na watoto wenye A na B kutoka nchi nzima, na chuo kinachukua kuanzia juu kushuka chini mpaka nafasi ziishe. Wazazi wengi hilo hawalijui. Wanasoma sifa za chini kwenye mwongozo, wanaona mtoto anazo, wanatangaza ukoo mzima.

Wiki chache kabla ya mtihani wa taifa, Rehema alibaki nyuma maabara tukisafisha vyombo. Akaniuliza kuhusu Sayansi ya Chakula pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Nilidhani ni swali la kupita tu, kumbe mwenzangu amejiandaa: alitoa nakala ya kurasa za mwongozo wa TCU alizochapisha steshenari, amepigia mistari kwa penseli, pembeni ameandika masomo yanayotakiwa na ada. Akanieleza kwamba tangu utoto ameona tenga zima la vibua likiuzwa kwa bei ya kutupa saa nne asubuhi kwa sababu barafu imekwisha, na mama yake akijaribu kukausha kwa moshi, mara samaki wanakaa mwezi, mara wanashika ukungu wiki ya pili. Alitaka kujua kwa nini. Nimefundisha miaka mingi na si mara nyingi nakutana na mwanafunzi anayekuja na swali lake mwenyewe, lisilotoka kwenye mitihani iliyopita. Kabla hajatoka akasema, "Mwalimu, udaktari ni wa baba. Mimi naupenda kidogo, ila si kama huu. Tafadhali usimwambie." Nikamwahidi.

Juzi baba yake akaja. Alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani kuna vyeti vya mtoto, hati ya mauziano ya kiwanja chao cha Chanika, na barua ya Kiingereza kutoka kwa wakala wa vyuo vya nje. Akasema, "Mwalimu, naomba uniangalizie tu kama karatasi hizi ziko sawa. Mtoto nimeshampatia udaktari." Wakala ameshapokea shilingi laki nane za "kushika nafasi", na stakabadhi niliyoonyeshwa imeandikwa kwa mkono, haina muhuri wala namba. Zilizobaki anazitaka kabla ya Julai. Fedha hiyo ndiyo kiwanja.

Niliisoma ile barua pale pale, mstari kwa mstari, naye akinitazama. Kwanza, imetolewa kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatoka, na aya ya tatu inasema nafasi ni ya masharti, itathibitishwa baada ya matokeo. Pili, haikuandikwa popote kwamba ni udaktari. Imeandikwa kitivo cha sayansi za afya, na kitivo kina kozi nyingi. Tatu, na hili ndilo lililonishtua zaidi, mwaka wa kwanza wote ni wa lugha ya nchi hiyo, na ada yake inalipwa kando. Baba Rehema alikuwa anajua miaka mitano, akapiga hesabu ya miaka mitano. Nilipomweleza hilo la lugha alinyamaza, kisha akasema wakala alimwambia atalishughulikia.

Sitaki kuwasema vibaya wote wanaosoma nje. Ninao wanafunzi wangu waliokwenda kwa njia zinazoeleweka, na wamerudi wanafanya kazi. Lakini hao walijua mapema kwamba shahada ya nje lazima itambuliwe na TCU, na daktari akirudi anapita kwenye utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, na usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajaruhusiwa kumtibu mtu peke yake. Kwenye kipeperushi cha huyu wakala hakuna hata neno moja kuhusu hayo. Kuna picha ya jengo refu na wanafunzi wanaocheka. Nilitafuta jina la hospitali wanakofanyia mazoezi, sikuliona.

Nikamweleza njia za hapa nyumbani. Kama ni udaktari, vyuo viko zaidi ya kimoja, kuna Bugando, KCMC, Dodoma na vingine, aombe bila kuweka mayai yote Muhimbili. Kama ni kutibu watu, kuna stashahada ya utabibu kupitia vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Kuna famasia, uuguzi, maabara, afya ya mazingira. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) unaweza kugusa ada, chakula na malazi, ila hapo ndipo nilipogonga mwamba. Kwanza baba hajaanza kuandaa chochote. Cheti cha kuzaliwa cha binti kina jina la pili tofauti na lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, na jambo kama hilo usipolimaliza mapema linakuvurugia RITA, wanaohakiki vyeti vya kuzaliwa, na Bodi ya Mikopo kwa pamoja. Pili, mkopo wenyewe hautaki. Ana mdogo wake mwalimu anayekatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na kila wakikutana kwenye shughuli habari ni hiyo. "Sitaki mwanangu aanze maisha anadaiwa," alisema. Namheshimu kwa hilo. Sijui tu nimwambieje kwamba kiwanja kikienda na mwaka wa pili fedha ikakatika, binti atakuwa nchi ya watu bila ada na bila pa kurudia.

Kisha nikajaribu kuligusa lile la binti kwa mbali. Nikauliza, "Na kama matokeo yakimpeleka kwenye kitu kingine cha sayansi, tuseme mambo ya vyakula, samaki?" Akanijibu bila hasira, na ndiyo maana jibu lake halinitoki: "Mwalimu, mimi nimenuka samaki miaka ishirini ili yeye asinuke. Hajasoma miaka kumi na mitatu arudi Feri." Ningesema nini tena?

Kwenye hali ya kawaida ningemwita Rehema tukae watatu. Lakini yuko kambini mkoani, na simu kule si kitu cha kutumia utakavyo. Alinipigia mara moja kwa simu ya kuazima, tukaongea afya na salamu tu, kulikuwa na watu nyuma yake. Mambo yake yanaamuliwa hapa Dar es Salaam, yeye yuko paredi.

Lipo na la pili. Huyo wakala aliingia shuleni kwetu kwa mlango wa mbele. Mwaka huu aliruhusiwa kuzungumza na kidato cha sita bwaloni, na baadaye shule ikapata mashine ya fotokopi kutoka kwake. Mkuu wangu si mtu mbaya. Ile mashine ametafuta miaka, na mitihani ya majaribio sasa tunachapa wenyewe. Lakini wakala huyo huyo alitupitia walimu mmoja mmoja akituahidi "asante" kwa kila mwanafunzi atakayesafiri. Mimi nilikataa. Sijui wenzangu walijibu nini, wala sijawauliza. Nilipomgusia mkuu kwamba wazazi wanahitaji kusomewa barua hizi kabla ya kulipa, alisema, "Mwalimu, tusiwafungie watoto milango." Tangu hapo nahisi nikisema lolote hadharani nitaonekana napigana na shule.

Wazo langu mpaka sasa ni kumshika baba Rehema mkono mwezi Julai tukaenda naye Mnazi Mmoja kwenye maonesho ya vyuo vikuu, akae mezani na watu wa Muhimbili, kisha na watu wa SUA, awaulize mwenyewe mhitimu wa Sayansi ya Chakula anafanya kazi gani na wapi. Naamini mtu aliyefanya biashara ya samaki miaka yote hiyo ataelewa upesi kuliko mimi. Tatizo ni kwamba wakala anataka fedha kabla, na mnunuzi wa kiwanja ameshapatikana.

Kwa hiyo naomba unishauri. Ahadi niliyompa binti ina uzito gani mbele ya mali ya familia? Nikimwambia baba yake ukweli huenda nikakiokoa kiwanja, lakini Rehema hataniamini tena, na wadogo zake wa kidato cha tano watasikia kwamba ukimwambia mwalimu, kesho baba anajua. Nikinyamaza, nitakuwa nimeisoma ile barua kwa macho yangu nikaacha watu wauze. Au nishikilie barua ya wakala peke yake, nimwombe asubiri matokeo, na suala la samaki nimwachie binti alisema mwenyewe akirudi? Na kama ni hivyo, nimwambie maneno gani mzee anayeamini kila mwezi anaosubiri ni nafasi ya mwanawe inayopotea?

La mkuu wa shule pia unisaidie. Nataka kuitisha kikao cha wazazi wa kidato cha sita, niwaonyeshe namna ya kusoma barua ya udahili na maswali ya kumuuliza wakala yeyote kabla ya kutoa hata shilingi, bila kumtaja mtu. Nimwombe ruhusa kwa maandishi, au nianze na mwenyekiti wa bodi ya shule?

Mnunuzi wa kiwanja analeta fedha mwisho wa mwezi huu. Ukiweza kunijibu kabla ya hapo, hata kwa mistari michache, nitashukuru sana.

Wako,
Mwalimu wa ushauri nasaha,
Temeke, Dar es Salaam