Saa Kumi Yetu: Salamu za Krismasi Kutoka Kengeleni

Jamaa, majirani, walimu wangu na nyote mlionichangia nauli, hamjambo? Mimi sijambo, nimefika salama. Nawaandikia nikiwa barazani kwa nyanya hapa Frere Town, Mombasa, fulana imenigandia mgongoni, mkono mmoja simu, mwingine kokwa la embe nililolifyonza mpaka likatoka ndevu nyeupe. Krismasi njema kwenu. Na majirani zetu Waislamu, ambao sahani zenu zitawafikia kabla sisi wenyewe hatujaonja pilau, nanyi nawatakia msimu wa heri. Ile sinia mliyotuletea Idi mama kanikumbusha bado iko kwetu. Itarudi, na haitarudi tupu.

Salamu hizi ni deni. Tangu Septemba nilipokwenda kusoma Glasgow, Uskoti, mmeniandikia, mmenitumia sauti, mmenitumia picha za kila harusi na kila matanga, nami nimewajibu kwa kidole gumba. Wengine sikuwajibu kabisa. Shangazi wa Mikindani alifika mahali pa kuuliza kwenye kundi la familia, mbele ya watu wote, kama nimeshakuwa Mzungu. Sijawa, shangazi. Nilipotezwa na saa.

Sisi huku twahesabu saa kwa jua. Likichomoza ni kumi na mbili, jioni likizama ni kumi na mbili tena, na Mombasa, nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, hesabu hiyo haijapata kumtia mtu aibu. Glasgow iko nyuzi 56 kaskazini. Nilipofika mwisho wa Septemba mchana na usiku vilikuwa vikilingana, nikaona hapana tofauti kubwa, ni baridi tu. Kumbe nilikuwa napumbazwa. Kufikia wiki ya mwisho ya muhula jua lilikuwa likitoka saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi, na saa kumi kasoro robo limekwisha zama. Saa kumi! Saa ambayo huku watoto ndiyo kwanza wanatoka shule, mama wa viazi karai ndiyo kwanza anapanga kuni, na nguo ukianika bado zitakauka. Kule nilikuwa natoka maktaba saa kumi na nusu naona taa za barabarani zimewaka, na mwili wote waniambia nimechelewa nyumbani, nitagombezwa.

Mtanicheka, lakini hata kalamu yangu ilinisaliti. Wiki ya pili niliandika kwenye daftari, kwa Kiswahili changu safi, "Jumanne, saa 4, chumba cha juu." Nilikuwa na maana ya saa nne asubuhi. Siku mbili baadaye nikalisoma lile daftari kwa macho ya kule, nikaona nne yao, yaani saa kumi jioni. Nikaenda saa kumi jioni. Nilimkuta mama mmoja anapiga deki, kapandisha viti vyote juu ya meza. Akanitazama, akanitazama tena, akashusha kiti kimoja. Nadhani alidhani nimechoka. Nikakaa kweli, kwa adabu, dakika kama tano, kisha nikaaga.

Lakini aliyeumia zaidi ni nyanya. Tulikuwa na ahadi kwamba kila Jumapili, saa moja jioni ya huku, nitampigia. Kwangu ilikuwa saa kumi na moja. Sasa, Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wote (na Waskoti, ambao hawapendi kabisa kuitwa Waingereza, nimeonywa) hurudisha saa nyuma kwa saa nzima. Simu hujirekebisha yenyewe usiku, wewe umelala. Mimi nikangoja saa kumi na moja yangu kama kawaida, nikapiga. Huku ilikuwa saa mbili usiku. Nyanya alikuwa amekaa na simu mapajani saa nzima, chakula kimepoa, na majirani wawili kashawaita waje kukaa naye kwa lile litakalosikika.

"Nani aliyewapa amri ya kurudisha saa?" akaniuliza.

"Serikali, nyanya."

"Na jua nalo likarudi?"

Nikamwambia halikurudi.

"Basi wamejidanganya wenyewe," akasema, akakata simu, akaenda kula.

Masomo sitayasema sana, maana walimu wangu wamo humu na nitaulizwa maswali. Ni uhandisi wa meli, katika mji ambao meli kubwa kubwa ziliundwa kandokando ya mto Clyde, na jirani tu, Clydebank, ikaundwa ile Queen Mary iliyoshushwa majini 1934. Babangu, aliyeendesha winchi Kilindini miaka yote hiyo, ndiye aliyenielewesha somo moja kwa simu kuliko nilivyolielewa darasani. Kazi yangu ya kwanza ya kuandika nilipata 48 kwa 100, nikajifungia chumbani nikalia kama nimefukuzwa. Baadaye ndipo nikaambiwa kule kupita ni 40, na ukifika 70 hiyo ndiyo daraja la kwanza. Kwetu uliyepata 70 ulikuwa hujitangazi. Jumamosi naosha vyombo mahali. Viza ya mwanafunzi yaruhusu saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, mimi nafanya nane. Mkiuliza pesa zinatosha, jibu ni kwamba nimejua kupika dengu kwa namna saba.

Mahamri ndiyo hadithi. Mwezi wa Novemba niliona wazi kwamba bila mahamri sitaifikia Desemba. Iliki na tui la kopo nilivipata Pollokshields, mtaa wenye maduka ya Wapakistani na Wahindi, na yule mzee dukani alipojua natoka Mombasa akakataa kunitoza ile iliki. Unga niliuweka juu ya bomba la kupashia chumba joto, ukaumuka kuliko hata wa huku. Nikangoja jiko la hosteli liwe tupu, saa tano usiku, nikaweka karai. Yalifura! Naapa yalifura, yana shimo katikati kama inavyotakiwa. Nikasahau moto kidogo, nikasimama kuyapiga picha nimtumie mama, moshi ukapanda, kengele ya moto ikalia jengo zima.

Kule kengele ikilia hakuna kuuliza. Ghorofa zote zilishuka nje kwenye baridi, mwingine na taulo, mwingine na kompyuta kaikumbatia kama mtoto. Mimi nilitoka na sinia la mahamri mkononi, sijui kwa nini. Nikabaki nimesimama nalo. Mnijeria wa chumba cha tatu, ambaye kwa wiki nane tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa, akachukua moja, akatafuna, akasema kwao yapo ila ni ya duara. Mchina akachukua. Msichana wa Uskoti, miguu wazi, meno yanagongana, akachukua mawili. Zimamoto walipoturuhusu kurudi sinia lilikuwa tupu nami nilikuwa nimejua majina ya watu kumi na mmoja. Chumba cha tatu bado aniita "Moshi".

Mimi mtoto wa Kengeleni, nikawaza kitandani, kengele imenifuata mpaka huku. Kwa wasioujua mtaa wetu: jina ni la ile kengele ya wamishonari walioanzisha Frere Town 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba iligongwa kuwaonya watu wa hapa hatari inapokuja. Sasa baada ya usiku ule lilinikaa kichwani, na Jumamosi moja niliyopewa ruhusa kazini nikapanda treni mpaka Blantyre, nje kidogo ya Glasgow, alikozaliwa yule mmishonari David Livingstone 1813, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Familia nzima chumba kimoja. Huyo Livingstone kwetu kila mtu ana lake la kusema juu yake, nami sikwenda kumpigia magoti. Niliyekuwa nikimfikiria ni Jacob Wainwright.

Livingstone alipofariki 1873, waliombeba mpaka pwani ni watu wake, Chuma na Susi na wenzao, na Wainwright alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa akasomeshwa Nasik, Bara Hindi, kama baadhi ya wazee wa kwanza wa Frere Town yetu. Akasafiri na lile jeneza mpaka Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 akawa miongoni mwa waliolishika akizikwa katika kanisa la Westminster, London. Mimi nilikwenda na koti la mtumba kutoka Kongowea, simu yenye ramani, na nyanya wa kunigombeza kila Jumapili. Yeye alikuwa na nani? Nilisimama Blantyre nje, kwenye mvua ile yao nyembamba isiyonyesha wala kukatika, nikitaka sana kujua mtu kama yule aliuliza saa ngapi kwa lugha gani.

Basi, muhula ukaisha. Niliondoka wakati wa demani, upepo wa kusi ukielekea kuchoka, nimerudi kaskazi imeshika. Wazee wa Mji wa Kale wakiniona watacheka, maana ni ratiba ile ile ya majahazi: kusi yakupeleka kaskazini, kaskazi yakurudisha. Nauli tu ndiyo imebadilika. Na hii ya sasa ni yenu. Nilikuwa nimekwisha kubali kubaki, mkachanga kimyakimya, na mimi nikaambiwa siku ya mwisho. Sina namna ya kuwashukuru kwa maandishi. Nimeleta biskuti za siagi, zimesagika njiani, njooni tuzile kwa kijiko.

Kutoka Nairobi nilichukua treni ya mchana. Behewa lina baridi ya mashine, nikasinzia, nikaamka Tsavo ndovu wamejipaka udongo mwekundu, nikasinzia tena. Pale Miritini mlango ulipofunguliwa miwani yangu ikapiga ukungu papo hapo, sikuona kitu, nikashuka kwa kupapasa. Nikasikia sauti ya babangu mahali fulani mbele yangu ikisema, "Mbona huyu amekonda hivi?" Sikuwa nimemwona bado. Nyanya, tulipofika nyumbani, hakuuliza habari za kukonda. Aliuliza kama saa zangu zimerudi.

Nikamjibu zimerudi. Nilisema uongo. Jana, siku yangu ya pili, nilikuwa ndani na binamu yangu mdogo tukicheza karata. Nikatupa jicho kwenye simu, nikaona ni saa kumi kasoro, nikainuka kufunga madirisha na kuwasha taa kabla giza halijaingia. Nimeshika pazia, jua lanipiga usoni. Yule mtoto aliniangalia kama mtu aliyeona mzee akipotewa na akili. "Dada," akasema, "wamfungia nani?"

Sitaki mdhani nyumbani pamekuwa peponi kwa sababu nimekaa mbali. Stima imekatika mara mbili tangu nifike. Foleni ya feri Likoni ni ile ile. Wageni wa bara wameshuka, Mungu awabariki, daraja la Nyali halipitiki, na tuktuk ya kwenda Marikiti wamenitajia bei nikadhani wamenisikia lafudhi. Hata hivyo ugomvi wa bei nilikuwa nimeukosa. Kule ukilipa, mashine hailalamiki.

Wenzangu waliobaki nao nawasalimu. Mnijeria wangu wa chumba cha tatu yuko peke yake ghorofani. Nauli ya Lagos ilimshinda. Tarehe 25 kule treni hazitembei kabisa, maduka yamefungwa, mji unanyamaza. Nimemwachia unga, iliki na onyo kuhusu kengele. Lakini Waskoti sherehe yao hasa ni Mwaka Mpya. Krismasi kwao haikuwa hata siku ya mapumziko ya taifa mpaka 1958. Wanasema mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku ndiye aletaye bahati ya mwaka, hasa akiwa mwanamume mwenye nywele nyeusi, na mkononi ana kipande cha makaa ya mawe. Mwenzangu wa darasani alipiga hesabu akaniambia nywele ninazo, makaa atanitafutia, uanaume tutaulizana baadaye. Kazi hiyo nimeiacha kwa Mnijeria, ambaye hakosi hata sifa moja. Mimi nitakuwa hapa juu ya paa la jirani, saa sita, tusikilize meli za Kilindini zikipiga honi.

Tarehe 8 Januari naondoka, mitihani yaningoja. Mkesha wa Krismasi tutakuwa kanisani Emmanuel kama kawaida. Mama kasema atakayechelewa asimtafute kiti. Siku yenyewe pilau litakuwa tayari mchana. Lakini wanaotaka kukaa nami, si kunipungia mkono, waje siku yoyote baada ya hapo barazani kwa nyanya, saa kumi jioni. Saa kumi yetu. Leteni viti, jua litakuwa bado liko juu ya mnazi.