Tunahitaji vitabu vya kujifunzia uigaji wa mawakala

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze pengo linalowakwaza wanafunzi wengi: uhaba wa vifaa vya kujifunzia programu za kompyuta za kuiga mienendo ya mawakala wengi, yaani watu, wanyama au vitu vya kubuni ambavyo kila kimoja hufuata kanuni zake. Programu zenyewe zipo, tena bure. NetLogo, iliyobuniwa na Uri Wilensky mwaka 1999, huja na mifano tayari: mbwa mwitu na kondoo, moto wa msituni, kuenea kwa virusi. Mwanafunzi hubonyeza kitufe, huona nukta zikitembea, kisha hukwama.

Miongozo mingi hueleza amri moja moja. Haifundishi jinsi ya kuchagua kanuni za wakala, wala kwa nini jaribio moja halitoshi. Kwa kuwa modeli hizi hutumia namba za kubahatisha, lazima ziendeshwe mara nyingi na matokeo yalinganishwe. Hapo ndipo penye elimu yenyewe! Mwanauchumi Thomas Schelling alionyesha mwaka 1971 kwamba upendeleo mdogo wa kila mkazi wa kuishi karibu na wanaofanana naye waweza kuutenganisha mtaa mzima kimakundi. Wazo hilo hueleweka hata kwa sarafu na karatasi ya miraba.

Nawasihi wahadhiri watuandikie mazoezi ya hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, yenye majibu ya kulinganishia.

Msomaji wako