Transfoma ya mtaani nayo ipimwe

Ndugu Mhariri,

Mimi nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, naomba niongelee umeme, ila sio ule wa kukatika, nasema huu unaokuwepo halafu hauna nguvu. Ikifika saa moja jioni watu wakisharudi makwao, taa ya sebuleni inakuwa nyekundu kama kaa linalotaka kuzima, friji inaunguruma tu haigandishi. Nilinunua kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi, saa mbili usiku kikasoma volti 168, nikaamka saa kumi alfajiri kikasoma 228. Nyumba ile ile waya ule ule! Mama mmoja mpangaji mwenzangu friji yake iliungua kompresa, na ndio hiyo alikuwa anauzia barafu za watoto.

Ukipiga simu Tanesco mafundi wanakuja kweli, ila saa tano asubuhi, wanapima, volti zipo, wanaondoka. Siwalaumu, wamepima muda ambao tatizo halipo. Sasa si kila transfoma ifungwe kifaa cha kupima muda wote, volti, ampea (kiasi cha umeme unaopita) za kila fezi, yaani kila waya kati ya zile tatu zinazogawa umeme mtaani, na joto la mafuta yaliyomo ndani ya transfoma, kitume taarifa ofisini kwa mtandao wa simu? Hapo wataona fezi moja imebebeshwa nyumba kibao na nyingine ina nafasi, wahamishe nyumba kadhaa yaishe. Na transfoma inayochemka wataijua kabla haijaungua.

Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, nafurahi sana, lakini umeme wote huo ukifika kwetu unapita kwenye transfoma iliyofungwa mtaa ukiwa na nyumba chache, na tangu serikali ihamie Dodoma watu wanajenga kila siku.

Halafu kuna mashine za kusaga na pampu za visima. Volti zikishuka mota yenye mzigo inavuta ampea zaidi, ndio inazidi kutuzamisha wote. Wenye nazo wapewe bei nafuu ya mchana, na jioni ofisi iweze kuzipunguza kwa makubaliano, tangi la maji lijae saa nane mchana linakupungukia nini? Jamaa wa mashine hapa kwetu nimemuuliza, kasema akipunguziwa bei ya mchana, basi saa kumi na mbili jioni anafunga.

Vipimo vyangu vya usiku 14 nimeviandika kwenye daftari, wakivihitaji nitawapelekea mwenyewe.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma